Darasa Lisilosikika

Nahungwe, ndani ya Miteja
8 Julai 2023

Babu Mwalimu,

Shikamoo.

Mimi ni Esha, binti wa marehemu Mwalimu Abdulatifu, yule uliyemfundisha ualimu chuoni. Baba alikuwa akikwama darasani anasema, "Ngoja nimwandikie Mwalimu Ignatius wa Kitomanga." Ametutoka mwaka wa nne huu, na sasa nimekwama mimi. Naandika kwa mkono kwa sababu mtandao huku unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya vyoo tu, na mama kaniambia simu huisikii vizuri. Barua nampa dada Marietha, mama ntilie wa Nangurukuru, naye anampa Suleiman, kondakta wa basi la Lindi. Ukijibu, mpe huyo huyo Suleiman. Mimi nashuka Nangurukuru kila Jumamosi.

Nina darasa la nne, watoto hamsini na wanane. Upimaji wa kitaifa ni mwisho wa Oktoba, na anayeshindwa anarudia darasa. Huku mtoto akiambiwa arudie, mzazi anaona shule imemkataa. Anampeleka dunguni, akae juu ya kile kichanja cha miti afukuze nguruwe na ngedere. Mwaka jana waliambiwa warudie kumi na tisa. Januari niliwaona wanane. Kumi na mmoja wapo madunguni mpaka leo. Mmoja nikipita na bodaboda ananipungia kutoka juu, "Mwalimuu!" Mimi natazama mbele kama sijasikia.

Wiki hii nimegundua jambo. Nilimpa Saida kitabu asome ukurasa wa kumi na nne. Alisoma wote, sauti nzuri, hakukwama popote. Alipomaliza ndipo nikaona kitabu amekishika juu chini.

Nimewajaribu wengine. Ni hivyo hivyo. Wanafuata sauti ya wenzao, wanashika, wanatoa. Tangu wadogo wanakwenda madrasa kwa maalimu, vichwa vyao vimezoezwa kushika. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Dominick, nimemwambia akacheka: "Sasa mtoto anasoma juu chini unalia? Wa kwako ana kipaji!"

Babu, nina wiki kumi na tano. Sijui nianzie wapi.

Mjukuu wako,
Esha Abdulatifu

*

Kitomanga
15 Julai 2023

Mjukuu wangu Esha,

Marahaba. Baba yako alikuwa na mwandiko mbaya kuliko wako, lakini alikuwa na tabia kama hiyo yako ya kuwa na wasiwasi mahali ambapo wenzake wanapiga makofi. Nimefurahi kuiona tena.

Nahungwe napafahamu kidogo. Tuyaache hayo, tufanye kazi.

Usianze kufundisha. Anza kwa kujua. Kamata karatasi moja. Juu andika herufi kumi, chini yake silabi kumi, kisha maneno kumi, kisha sentensi mbili, kisha aya fupi ambayo haimo katika kitabu chochote. Itunge mwenyewe, itaje mihogo, itaje Miteja, ila isiwe imewahi kusomwa na mtu kwa sauti. Mwite mtoto mmoja mmoja nje, chini ya upenu, wengine wasimsikie. Pale anapokwama, ndipo alipo. Usimsaidie, usimgombeze, andika tu. Dakika tatu kwa mtoto. Kwa wiki moja utakuwa umewamaliza.

Halafu wapange kwa makundi ya wanachokijua, usiangalie umri wala urefu. Wa herufi na wa herufi, wa silabi na wa silabi. Mtoto asiyejua silabi ukimwekea aya mbele yake, humfundishi kitu, unamfundisha kujificha.

Jambo la pili ni kuuliza bila kuonyesha. Kila asubuhi maswali matano: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mmoja aandike peke yake kwenye kijibao au mchangani, kimya. Hakuna alama. Watu wamelichunguza jambo hili nchi nyingi na kwa miaka mingi: kinachobaki kichwani ni kile mtu alicholazimika kukitafuta mwenyewe, na kile alicholetewa tayari kinapotea upesi.

Baada ya wiki nne wapime tena kwa karatasi mpya. Usiniletee maoni ya mtu, ya Mwalimu Mkuu, ya mzazi, wala ya kwako. Niletee idadi.

Wako,
Ignatius Mnali

*

Nahungwe
12 Agosti 2023

Babu,

Shikamoo. Idadi hii hapa. Kati ya hamsini na wanane, wanaosoma aya ni tisa. Sentensi saba. Maneno kumi na wanne. Silabi kumi na saba. Na kumi na mmoja hawajui herufi zote. Darasa la nne, babu! Siku niliyojumlisha nilikaa ofisini, chai ikapoa, nzi akaingia, nikainywa hivyo hivyo.

Saida yupo kwenye silabi. Huyu ni binti wa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, bwana Nurdin, na ndiye kinara wa kuongoza wenzake kusoma kwa pamoja.

Nimepanga makundi. Nimekata maboksi ya biskuti nikatengeneza kadi za silabi. Wanakaa chini wanne wanne, wanapanga, wanavunja, wanabishana kwa kunong'ona. Yusufu, aliyekuwa analala mpaka anakoroma, sasa anagombea kadi. Nilidhani nimeanza kuona mwanga.

Jumatano bwana Nurdin akaja na baiskeli, panga limefungwa nyuma.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi, baba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mbona darasa limekufa? Mimi nipo shambani toka asubuhi. La tatu nalisikia, la tano nalisikia, la kwako kama limekwenda makaburini."

Nikamkaribisha aingie aone. Akabaki mlangoni, akatazama zile kadi chini, akasema, "Michezo hii hata nyumbani wanacheza," akaondoka.

Kumbe huku ndivyo wazazi wanavyopima, babu. Mashamba yameizunguka shule. Mtu akiwa kwenye mikorosho yake anategea sikio: sauti ikipanda, mtoto wangu anafundishwa. Sauti ikikata, mwalimu kalala. Kisimani kuna mama amesema nikiwa nasikia, "Serikali inamlipa huyu anyamaze." Wanasema waliachiwa agizo hilo na mwalimu mmoja wa zamani, wanamwita Mwalimu Kengele. Jina lake halisi hawalikumbuki, ila wanamtaja kama wanamtaja walii. Kila nikieleza naambiwa, "Kengele hakufundisha hivyo."

Uliwahi kumsikia mtu huyo?

Esha

*

Kitomanga
17 Agosti 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Idadi yako imeninyima raha, lakini ni idadi ya kweli, nayo ina thamani kuliko makofi.

Sasa sikiliza. Kundi la herufi usilipe herufi zote. Tatu kwa siku, na kila siku rudi kwenye za jana kabla ya mpya. Tena usizirudie papo hapo mara ishirini. Acha zikae, zipoe kidogo, ndipo uziulize. Mtoto akihangaika kukumbuka, usimwonee huruma ya haraka. Kule kuhangaika ndiko kujifunza. Wale tisa wanaosoma aya usiwafanye vibarua wako siku nzima. Wape nusu saa ya kuwasikiliza wa maneno, kisha uwape kazi yao, nao ni watoto.

Kuhusu wazazi, waalike wawili watatu waketi ndani kipindi kizima. Mtu akiona kwa macho yake, sikio litatulia.

Mvua za vuli zikichelewa nitakuandikia kuhusu hesabu. Goti linanisumbua.

Ignatius Mnali

*

Nahungwe
26 Agosti 2023

Babu,

Shikamoo. Hukunijibu kuhusu Kengele. Si neno, labda ulisahau.

Nimealika. Niliwapa watoto kikaratasi, nikaenda mwenyewe nyumba sita. Siku yenyewe nilipanga viti vitatu nyuma. Hakuja mtu. Viti vilikaa hapo mpaka saa sita, na watoto walikuwa wanageuka kuvitazama.

Mwalimu Dominick si mtu mbaya. Jana kaniita, kafunga mlango. "Esha, mimi nina watu wawili wa kuwaogopa. Afisa Elimu Kata na kijiji. Afisa anataka ufaulu, kijiji kinataka sauti. Wewe hujanipa hata kimoja." Nikamwonyesha daftari langu la vipimo. Akalifungua, akalifunga. "Hii ni idadi ya aibu. Ikitoka hapa tumekwisha wote." Amesema ama nirudi kwenye kuimbisha mitihani iliyopita, ama niliachie darasa. Wazazi wameitisha mkutano Jumamosi ya tarehe tisa Septemba. Ajenda ni mimi.

Na babu, wanasonga! Nimepima tena wale wa chini. Wa herufi kumi na mmoja wamebaki wanne. Saida juzi nilimwandikia "shoka" ubaoni, neno ambalo hatujalitamka darasani. Akalitazama. Midomo ikatembea. Sho. Ka. Akageuka kunitazama kama mtu aliyeona nyoka: "Mwalimu, limesema lenyewe!"

Nikinyang'anywa darasa sasa wanarudi mwanzo. Naomba uniandikie barua ya kuusomea mkutano. Mimi kwao ni mtoto wa juzi. Wewe ni mzee, umefundisha walimu. Sina mwingine. Babu, nakuomba sana, sana.

Esha

*

Kitomanga
1 Septemba 2023

Esha,

Sikusahau. Niliogopa.

Mwalimu Kengele ni mimi. Nilifika Nahungwe mwaka 1984 kuwa Mwalimu Mkuu. Nilikuta walimu wanne, wawili wakishinda mashambani kwao, mmoja akija Jumatatu akiondoka Jumanne. Watoto walikaa na ubao mtupu. Sikuwa na simu wala baiskeli ya kumfikia mkaguzi. Nilichokuwa nacho ni wazazi waliokuwa mashambani kuizunguka shule. Nikawaita mkutanoni nikawaambia: "Shule ni sauti. Mkisikia kimya, njooni mniulize." Wakaja kweli. Walikuja na majembe. Ndani ya mwezi mmoja walimu wote wanne walikuwa madarasani, wakiimbisha mpaka koo zikakauka. Nilipiga kengele mwenyewe kila saa, ndipo nikapata jina. Miaka saba nilikaa hapo, na nilipohamishwa walinichinjia mbuzi.

Agizo lile lilikuwa jema kwa maradhi ya wakati ule. Sikurudi kuwaambia kwamba dawa ile imekwisha kazi. Baadaye, nilipokuwa chuoni nikisoma na kuona jinsi watoto wanavyojifunza, nilianza kushuku kwamba miaka ile saba nilifundisha masikio tu. Kushuku hakukunizuia kula pensheni. Uliponitajia Nahungwe, nilinyamaza kwa fahari, nikanyamaza tena kwa aibu.

Barua ya mkutano nimeifunga ndani ya hii, bahasha yake imegundishwa. Usiifungue wewe, wasije wakasema umeiandika. Mpe Mwenyekiti aifungue na kuisoma mwenyewe mbele ya watu. Namkumbuka Nurdin vizuri. Alikuwa msomaji wangu bora, alisimama mbele ya wageni akasoma ukurasa mzima bila kupepesa macho. Nilimpa zawadi ya madaftari matatu. Watamwamini.

Wako mwenye deni la maelezo,
Ignatius Mnali

*

Nahungwe
10 Septemba 2023

Mwalimu Ignatius,

Shikamoo.

Barua yako ilisomwa jana. Nilimkabidhi Mwenyekiti mbele ya wote, nikasema imetoka kwa Mwalimu Kengele mwenyewe, yu hai, yupo Kitomanga. Watu wakapiga kelele ya furaha. Bibi mmoja akajifuta macho kwa kanga.

Bwana Nurdin akasimama. Akaipasua bahasha, akaikunjua karatasi, akaitazama muda mrefu. Nikadhani ni heshima. Kisha akasoma kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Nayaandika maneno yako kama nilivyoyasikia, usije ukayakana:

"Wazazi wa Nahungwe. Shule ni sauti. Mkisikia kimya, njooni mniulize. Mwalimu asiyesikika hafundishi. Ni mimi, mwalimu wenu."

Akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilitaka kusema, sauti haikutoka. Kweli, darasa lote la Esha halisikiki, hata Esha mwenyewe.

Ulibadili mawazo? Ungeniambia. Uliona aibu kusema ulikosea mbele ya watu waliokuchinjia mbuzi? Ungeniambia pia, ningekuelewa. Lakini kunigundishia bahasha, kunifanya niibebe mwenyewe kwa mikono yangu miwili!

Darasa la nne amelichukua Mwalimu Dominick. Mimi nimepelekwa la kwanza. Leo Jumapili amewaita watoto kwa masomo ya ziada, na kutoka hapa chumbani kwangu nawasikia wakiimba majibu ya mtihani wa mwaka juzi: "Moja A! Mbili D! Tatu D!" Saida ndiye anayeongoza. Kijiji kimefurahi.

Usiniandikie tena.

Esha Abdulatifu

*

Kitomanga
14 Septemba 2023

Esha,

Umeniambia nisikuandikie. Nakuomba unistahimilie barua moja.

Tangu nilipokuwa Mwalimu Mkuu siandiki barua ya kazi bila karatasi ya kaboni chini yake. Mazoea ya uzee. Nakala ya barua niliyowaandikia wazazi hii hapa, ilinganishe na ulichokisikia:

"Wazazi wa Nahungwe, salaam. Mimi ni yule mliyemwita Kengele. Niliwaambia shule ni sauti. Siku zile ilikuwa kweli, leo si kweli tena. Sauti inaonyesha kwamba mwalimu yupo. Haionyeshi kwamba mtoto anajua. Mwalimu Esha amempima kila mtoto peke yake, jambo ambalo mimi miaka saba sikulifanya hata mara moja. Kosa ni langu, msimwadhibu yeye. Mkisikia kimya, nendeni mkatazame watoto wanaandika nini. Mpeni mpaka upimaji upite. Ignatius Mnali."

Umeona? Hakuna neno lililolingana isipokuwa yale ya mwaka 1984, na yale mengine aliyoyaongeza ni maneno yangu ya siku ile ile, nayatambua. Yametoka kichwani kwa mtu aliyeyashika akiwa mtoto, na yamekaa humo miaka karibu arobaini bila kupungua hata kidogo.

Mwanzoni nilimkasirikia Nurdin, nikasema ni mwongo. Nikalala na hasira. Asubuhi nikajiuliza swali ninalokufundisha wewe ujiulize: ushahidi ni nini? Ukurasa ule aliousoma mbele ya wageni, nani aliuchagua? Mimi. Ulikuwa umesomwa darasani mara ngapi? Mara hamsini. Je, niliwahi kumpa karatasi ambayo hajaisikia? Esha, sikuwahi. Nimekaa hapa nikiwahesabu watoto wa darasa lile mmoja mmoja, na sina mtu hata mmoja ambaye naweza kuapa kwamba alikuwa anasoma.

Yule mtu alisimama mbele ya kijiji kizima na karatasi asiyoweza kuisoma, nami ndiye niliyemsimamisha. Nilitia mkazo kabisa: asome mwenyewe. Angefanya nini? Kabaki mlangoni kwako, akaziona kadi za silabi, akakimbia. Sasa naelewa.

Tafadhali usimwambie mtu yeyote. Wewe una haki ya kumwumbua na kulirudisha darasa lako kesho, silikatai hilo. Nakuomba siku chache tu. Kumwandikia siwezi, barua angelazimika kumpa mtu amsomee. Itanibidi nije. Alhamisi ijayo Suleiman ameniwekea kiti cha mbele, kwa ajili ya goti.

Ignatius

*

Nahungwe
25 Septemba 2023

Babu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimeiandika barua hii mara tatu na neno lililobaki katika zote ni hilo, nisamehe.

Najua umefika nyumbani salama, Suleiman kamwambia Marietha kwamba ulimkalisha darasani njia nzima kuhusu jinsi ya kukumbuka majina ya abiria. Nilikuona siku ile ukishuka kwenye bodaboda na fimbo yako. Ulinipita, ukanigusa bega, ukaenda moja kwa moja kwenye banda la korosho la bwana Nurdin. Mlikaa humo toka saa nne mpaka adhuhuri. Mkewe aliniambia alipeleka maji akakuta mmekaa, wewe unatazama chini na yeye anatazama chini. Hakusikia kilichosemwa, na wewe ulipotoka uliniambia tu, "Nimemwomba radhi." Sikuulizi zaidi.

Leo asubuhi alikuja shuleni. Watoto wapo mstarini, walimu tumesimama. Akamwambia Mwalimu Dominick mbele yetu sote, "Mwalimu Mkuu, mrudishie binti darasa lake. Ile barua mimi sikuisoma."

Mwalimu Dominick akacheka. "Mwenyekiti, unahitaji miwani! Nenda Kilwa Masoko wakupime macho."

"Macho yangu mazima," akasema. "Sikuisoma. Mnisikie vizuri."

Watu wakaendelea kucheka. Mimi nilitazama miguu yangu. Babu, yule mtu alisema kweli yote, hadharani, na hakuna aliyeisikia. Kisha akaitoa barua yako mfukoni, imekunjwakunjwa mpaka imelainika kama kitambaa, akampa Mwalimu Dominick: "Soma wewe. Kwa sauti." Ikasomwa.

Nimelipata darasa. Nimepima jioni hii hii. Katika wiki mbili kumi na watatu wamerudi nyuma. Saida nilimwandikia "shoka". Akasema haraka, "Mbili D." Nilitoka nje nikalia, nikarudi.

Imebaki mwezi mmoja kamili. Hautoshi, babu. Nimeshapiga hesabu kila namna, hautoshi. Lakini kesho tunaanza na kadi.

Esha

*

Nahungwe
20 Januari 2024

Babu Mwalimu,

Shikamoo, na pole na goti. Ulisema idadi kwanza.

Watoto hamsini na wanane. Waliofaulu arobaini na mmoja. Kumi na saba wamerudishwa. Mwalimu Dominick anasema ni matokeo mazuri kuliko ya mwaka juzi, maana mwaka juzi walikuwa wachache na bado walianguka kumi na tisa. Anatembea kifua mbele. Mimi natembea na wale kumi na saba.

Saida ni mmoja wao. Alifika kwenye sentensi. Aya ilimshinda. Nimetazama daftari langu, tarehe kwa tarehe. Kwa mwendo aliokuwa nao mwezi wa nane, zile wiki mbili ndizo zilizompungukia. Sikumwambia mtu. Bwana Nurdin akaja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Zile wiki mbili zangu zingemvusha?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Huenda."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Nikajua basi, nitamwona Saida dunguni.

Shule ilipofunguliwa, siku ya kwanza, wa kwanza kufika alikuwa bwana Nurdin, kamshika Saida mkono, kavaa kanzu ya Ijumaa. Akapita katikati ya wazazi walioleta watoto wa darasa la kwanza. Mmoja akamtania, "Mwenyekiti, shule imemkataa mwanao nawe unairudishia?" Akajibu, "Shule haikumkataa. Ni mimi nilimchelewesha. Anarudia." Kisha akashika baiskeli, akaanza kupita dungu kwa dungu. Anasimama chini anaita, "Wewe! Shuka!" Mzazi akija juu, anamwambia, "Binti wa Mwenyekiti anarudia. Wako ni nani asirudie?"

Kati ya kumi na saba, wamerudi kumi na wawili. Na katika wale kumi na mmoja wa mwaka juzi, ameshusha wawili. Yule wa kunipungia mkono hakushuka. Wala wale watano waliosalia katika kumi na saba. Bwana Nurdin amekwenda kwao mara tatu, mara ya mwisho wamemfungulia mbwa. Bado nikipita barabarani natazama mbele, babu. Sijui kama nitaweza kutazama juu siku moja.

Alasiri watoto wakitoka, bwana Nurdin anabaki. Anakaa na Saida kwenye dawati lile lile, magoti yamegusa kidevu. Wenzie wakipita wanamcheka. Anawaambia, "Nichekeni hapa, mimi ni kundi la silabi, nina kazi." Saida ndiye anayemwuliza, wala hamwonei huruma.

Nawaza jambo moja: darasa la nne la safari hii lina sabini na watatu.

Naambatisha karatasi. Kaikunja mwenyewe, sikumsaidia, sikukaa karibu.

Mjukuu wako,
Esha

[Karatasi ya daftari, penseli, herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zimetoboa mahali pawili:]

MWALIMU SHIKAMOO
LEO HUKU KIMYA
TUNASOMA
NURDIN

*

Kitomanga
25 Januari 2024

Mjukuu wangu Esha,

Marahaba.

Kwa hao sabini na watatu, anza Jumatatu. Karatasi mpya, aya mpya, mmoja mmoja, chini ya upenu. Usisubiri vitabu. Wale kumi na wawili wanaorudia wapime nao upya, usidhani unajua walipo, likizo imewala. Na wale watano uwaandike daftarini kwa majina, kila mwezi, pamoja na yule wa kukupungia, hata kama safu zao zitabaki tupu. Tusije tukawahesabu kuwa hawapo kwa sababu hatuwasikii. Mimi nimefanya hivyo kwa darasa zima na sasa sina jinsi ya kulirudia.

Barua ya Nurdin nimeisoma hapa kibarazani, nikaisoma tena. Kuna maneno matatu katika mstari wa pili ambayo mimi sikuwahi kumfundisha.

Nilitaka kukuagiza umpe salamu zangu. Nimebadili mawazo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi imekunjwa mara mbili, juu yake nimechora kengele ili uijue. Nimemwandikia maneno manne, herufi kubwa, nafasi pana katikati. Hajawahi kuyasikia kutoka kwangu. Usimsomee. Saida naye asimsomee.

Mpe mkononi, uondoke.

Ignatius Mnali